Maktaba za Vyuo Vikuu na Habari za Songea Zilizo Mbali

Mtu wa Songea akitaka kujua kwa hakika jinsi babu zake walivyopigana na Wadachi, yaani Wajerumani, katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, hana budi kuzifuata habari mahali pengi. Baadhi zingali vinywani mwa watu, kama wazee walivyozipokea kwa baba zao. Baadhi zimo katika Makumbusho ya Maji Maji mjini kwetu. Lakini sehemu kubwa ya maandishi iko mbali: mengine yako Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa, na mengine yako Ujerumani, ng'ambo ya bahari. Wanaoyatunza ni maktaba za vyuo vikuu na nyumba za kumbukumbu. Kwa miaka mingi mwana wa mkulima wa Peramiho au wa Namtumbo hakuwa na njia ya kuyafikia ila kupanda gari, tena baada ya kuandika barua ya kuomba ruhusa na kungoja majibu.

Katika muda wa miaka arobaini hivi maktaba hizo zimepokea kompyuta na vyombo vyake, na ile njia ndefu imeanza kufupika. Nimeona vema kuwaeleza wasomaji habari ya mabadiliko hayo tangu mwanzo, maana wengi wetu hudhani kuwa ni mambo ya wanachuo wa mjini tu. Sivyo. Maneno ya wazee wetu wenyewe yamo katika maktaba hizo, na kama yatasomwa na wajukuu wao au hayatasomwa ni jambo linalotegemea sana kazi hii.

Kwanza tufahamu maktaba ya chuo ilivyokuwa kabla ya mashine. Maktaba si vitabu vingi vilivyopangwa katika rafu, basi. Vitabu laki moja bila orodha ni kama gunia la barua zisizo na anwani. Kwa hiyo wakutubi waliandika kadi ndogo kwa ajili ya kila kitabu, wakazipanga kwa alfabeti katika visanduku vya mbao vya kuvuta. Kitabu kimoja kilihitaji kadi tatu au nne: moja ya jina la mwandishi, moja ya jina la kitabu, na nyingine za mambo yaliyoelezwa ndani yake. Msomaji alisimama mbele ya visanduku, akapekua kadi moja moja mpaka akaona aliyoitaka, akanakili namba yake katika kipande cha karatasi, ndipo akaenda kutafuta rafuni. Kadi ikipotea, au ikirudishwa mahali pasipo pake, kitabu nacho kilikuwa kama kimepotea, ingawa kilikuwa kimekaa rafuni siku zote.

Maktaba ya chuo kikuu ya kwanza katika nchi yetu ilianza pamoja na Chuo cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jumba la TANU barabara ya Lumumba. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache sana, nao wote walisoma sheria. Mwaka 1964 chuo kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Sheria ya mwaka 1962 iliwaagiza wenye kuchapa vitabu nchini wapeleke nakala katika maktaba ya chuo hicho. Kwa hiyo maktaba ile haikuwa chombo cha wanafunzi peke yao. Ilikuwa ghala ya maandishi ya nchi nzima.

Sasa katika ghala hiyo limo jambo linalotugusa sisi hasa. Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo, chini ya uongozi wa mwalimu John Iliffe, iliwatuma wanafunzi wake vijijini, katika sehemu zote zilizopigana Vita vya Maji Maji, wakawaulize wazee waliokuwa hai wakati ule. Hebu tuhesabu. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa mzee wa miaka 78 mwaka 1968. Kazi ilianzishwa wakati ambao kama ingalicheleweshwa miaka kumi tu, wa kuulizwa wangalibaki wachache mno. Wanafunzi wakaandika maneno ya wazee, yakapigwa taipu, yakakusanywa, yakawekwa katika maktaba. Mwaka 1969 O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakatoa kitabu kidogo juu ya vita hivyo katika Ungoni. Leo wazee wale wote wamekwisha kufa. Kilichobaki ni karatasi, na karatasi ya namna ile ya kupigia nakala nyingi kwa bei nafuu haikutengenezwa idumu miaka mia. Huwa ya manjano, kisha hukatika pembeni kama jani kavu la tumbaku.

Tuiache karatasi hiyo kwa muda, tutazame mashine ilikotoka.

Huko Marekani, katika miaka ya 1960, bibi mmoja jina lake Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge ya nchi hiyo alibuni namna ya kuandika habari za kadi hata kompyuta iweze kuzisoma: mwandishi mahali pake, jina la kitabu mahali pake, mwaka mahali pake. Mwaka 1967 vyuo vya jimbo la Ohio vikaungana kuwa na orodha moja, na mwaka 1971 orodha hiyo ikaanza kufanya kazi kwa waya. Faida yake ilikuwa hii: mkutubi mmoja akikwisha kuorodhesha kitabu, wenzake wa vyuo vingine hawakuwa na haja ya kuifanya tena kazi ile ile, waliitwaa orodha yake wakaongeza alama zao.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikataza kompyuta kuingizwa nchini ila kwa kibali maalumu. Vijana wa leo wakisikia hucheka, lakini sababu ilikuwapo: mashine za hesabu zilizonunuliwa kwa ajili ya Hazina zilikuwa zimeleta hasara na fujo badala ya msaada, na fedha za kigeni zilikuwa chache. Basi maktaba ya Mlimani ikaendelea na kadi zake. Kisha katika miaka ya 1980 ikaja shida kubwa zaidi, ile waliyoiita wenyewe njaa ya vitabu. Fedha za kigeni zilipokosekana, majarida ya sayansi yaliyokuwa yakiletwa kila mwezi kutoka Ulaya na Marekani yakakatika moja moja. Mwanafunzi wa udaktari au wa kilimo alifundishwa kwa vitabu vilivyokuwa vipya wakati mwalimu wake alipokuwa mwanafunzi. Mtu asiyejua shida hii hawezi kufahamu kwa nini baadaye wakutubi waliipokea kompyuta kwa furaha namna ile. Haikuwa kupenda mapambo.

Katikati ya shida hiyo, mwishoni mwa mwaka 1985, UNESCO ikatoa programu iitwayo CDS/ISIS iliyoweza kutumika katika kompyuta ndogo ya mezani. Tena haikuuzwa, maktaba za nchi maskini zilipewa bure. Kwa programu hiyo maktaba nyingi za Afrika zilianza kuhamisha kadi zao kuziingiza katika mashine. Kazi yenyewe ilichosha sana. Karani aliketi na kisanduku cha kadi upande mmoja na kompyuta upande mwingine, akipiga herufi moja moja, kadi maelfu kwa maelfu. Umeme ukikatika kabla hajaihifadhi kazi yake, alianza upya. Wala haionekani machoni pa wageni. Mgeni mkubwa akija kutembelea maktaba huonyeshwa kompyuta mpya. Haonyeshwi yule karani aliyekaa miaka mitatu akinakili kadi. Mimi naona kwamba pasipo karani huyo kompyuta mpya ni sanduku tupu.

Kabla ya intaneti kufika, ilikuwapo njia moja ya ajabu ambayo yafaa kukumbukwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama kimoja cha Marekani kiitwacho SatelLife kiliweka angani satelaiti ndogo kwa ajili ya madaktari wa nchi maskini. Chombo hicho hakikusimama mahali pamoja. Kilizunguka dunia, kikapita juu ya kila nchi mara chache kwa siku. Kilipopita juu ya Afrika Mashariki, vituo vilivyokuwa chini, kikiwamo cha Tanzania, vilirusha barua zake juu kwa redio na kupokea zilizoletwa, kwa dakika chache tu, hata kikapotea upande wa pili wa mbingu. Kwa njia hiyo daktari aliweza kuuliza swali leo na kusoma muhtasari wa uchunguzi mpya kesho, mambo ambayo kwa meli yangechukua miezi.

Baada ya intaneti kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, jambo kubwa lilitokea mwezi wa Januari 2002. Shirika la Afya la Ulimwengu lilipatana na makampuni makubwa sita ya kuchapa majarida ya sayansi, yakakubali kuvifungulia vyuo vya nchi maskini majarida yapata 1,500 ya uganga na elimu ya viumbe, kwa bure au kwa malipo madogo. Mpango huo uliitwa HINARI. Mwaka uliofuata ukafuatwa na wa kilimo uitwao AGORA. Fikirini: chuo ambacho miaka kumi nyuma kilishindwa kulipia jarida moja sasa kilifunguliwa mlango wa mamia. Hii ndiyo huduma ambayo kadi na rafu zisingaliweza kuitoa kamwe, hata kama jengo lingalikuwa kubwa kama mlima.

Lakini mlango ulikuwa mwembamba. Habari zote zilipita katika satelaiti, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kinyonga. Ukurasa mmoja wenye picha uliweza kumngojesha mtu mpaka akasinzia. Tarehe 23 Julai 2009 ukaanza kazi mkongo wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ya Hindi na kutia nanga Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka uliofuata ukaja wa pili uitwao EASSy. Hapo ndipo maktaba za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia kwa kweli vitu vilivyokuwa vimekwisha kufunguliwa tangu 2002.

Orodha nazo zikabadilika tena. Leo vyuo vingi vya Tanzania hutumia programu iitwayo Koha. Asili yake ni maktaba ya watu wa mashambani huko New Zealand. Mwishoni mwa mwaka 1999 watunzaji wake waliona kwamba mfumo wao wa zamani ungeharibika mwaka 2000 utakapoingia, wala fedha ya kununua mwingine hawakuwa nayo. Wakatengenezewa wao wenyewe, kisha wakautoa bure kwa yeyote apendaye. Na neno koha katika lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Kwa mfumo huo mwanachuo hutafuta kitabu kwa neno lolote alikumbukalo, huona kama kimo rafuni au kimeazimwa na kitarudi lini, tena hufanya hayo akiwa chumbani kwake. Mkutubi naye hujua ni vitabu gani vinavyoombwa kila siku na ni vipi ambavyo havijaguswa kwa miaka ishirini.

Pamoja na orodha, vyuo vimejenga hazina za maandishi yao wenyewe, hasa zile tasnifu ambazo wanafunzi huziandika wanapomaliza shahada. Zamani tasnifu iliyoandikwa juu ya kilimo cha mahindi cha wilaya yetu ilikaa nakala mbili tatu Dar es Salaam au Morogoro, ikasomwa na mwalimu aliyeisahihisha, basi. Waliohesabiwa mashamba yao hawakuiona. Siku hizi yaweza kufunguliwa na mtu yeyote mwenye intaneti. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kina hazina ya namna hiyo, nacho chatufaa zaidi kukitaja kwa sababu wanafunzi wake hawakai bwenini. Wengi ni walimu kama sisi, wanaofundisha mchana na kusoma usiku. Kituo chake cha Ruvuma kipo hapa Songea. Kwa mwanafunzi wa chuo kama hicho, maktaba isiyoweza kumfuata nyumbani si maktaba. Ni jengo alilosikia habari zake.

Majengo nayo hayakuachwa. Tarehe 27 Novemba 2018 Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa Serikali ya China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na viti vya wasomaji 2,100. Wengine waliuliza, kama kila kitu kimo katika kompyuta, jumba kubwa namna ile la nini? Jibu ni rahisi kwa mtu aliyewahi kusomea katika chumba kimoja na wadogo zake watano. Lakini Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa ugonjwa wa korona mpaka Juni mosi, viti vyote vile vilikaa vitupu, na aliyeweza kuendelea kusoma ni yule tu ambaye maktaba yake iliweza kumfikia kijijini.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya manjano, maana kuna faida nyingine ya vyombo hivi iliyo kubwa kuliko wepesi wa kutafuta, nayo ni kuokoa.

Sisi wa Songea twajua moto unavyoweza kufanya. Misheni ya Peramiho iliyoanzishwa mwaka 1898 iliteketezwa Septemba 1905. Lakini si lazima iwe vita. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanza mlimani ulishuka mpaka Chuo Kikuu cha Cape Town, ukaunguza maktaba iitwayo Jagger, mlimokuwa vitabu vyao vya Afrika. Vitabu yapata 70,000 vikateketea siku moja. Vile vilivyokuwa vimepigwa picha na kuwekwa katika kompyuta vilibaki kusomeka. Na kwa kuwa orodha ilikuwa imehifadhiwa mahali pengine, wakutubi waliweza angalau kujua ni nini walichopoteza.

Watu wa shirika la Mtakatifu Benedikto, ambao tunawafahamu kwa Peramiho, waliliwaza jambo hili mapema. Katika chuo chao cha Collegeville huko Marekani, mwaka 1965, walianzisha kazi ya kupiga picha maandishi ya mkono ya zamani, wakiogopa vita vingine visije vikaangamiza maktaba za Ulaya. Kwanza walitumia filamu. Tangu mwaka 2003 wanatumia kamera za kidijitali. Kutoka Ethiopia peke yake zilikusanywa picha za vitabu vya mkono yapata 9,000, vingi vya makanisa na monasteri. Lakini picha elfu tisa zisizo na orodha zingalikuwa lile gunia la barua tulilolitaja. Aliyeziorodhesha maelfu kwa maelfu ni mwanachuoni wa Ethiopia, Getatchew Haile. Alipigwa risasi nchini kwake mwaka 1975, akapooza miguu, akaenda Collegeville akiwa katika kiti cha magurudumu, akakaa miaka mingi akisoma filamu hizo moja moja na kueleza ni kitabu gani, cha nani, cha lini. Alifariki mwaka 2021. Leo mtu akitafuta katika orodha ile na kupata jibu kwa nukta moja, anayemjibu hasa ni mzee huyo.

Tena mashine yenyewe si ngome isiyobomoka. Maandishi ya mkono ya msikiti wa Riyadha huko Lamu yalipigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, yakawekwa katika mtandao ili wote wayasome. Oktoba 2023 wezi wa mitandao waliivamia maktaba hiyo ya London, wakaiharibu mifumo yake, na kwa miezi mingi mambo mengi iliyokuwa imeyaweka wazi hayakuweza kufunguliwa. Maandishi ya asili yalikuwa yangaliko Lamu. Kwa sababu hiyo namwona amekosea sana mkuu yeyote wa chuo anayetupa karatasi baada ya kuipiga picha, kwa kusema kwamba nafasi haitoshi.

Na Ujerumani je? Huko kazi imefanyika kwa wingi kuliko watu wa kwetu wanavyojua. Mafaili ya Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani, yanayotunzwa katika nyumba ya kumbukumbu ya nchi huko Berlin, yamepigwa picha, na mtu aweza kuyafungua akiwa popote duniani bila malipo. Maktaba ya chuo kikuu cha Bremen imeweka katika mtandao vitabu yapata 1,000 vya wakati wa ukoloni. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt inazo picha za kamera yapata 55,000 za wakati huo, nyingi za Afrika, zote zikionekana katika mtandao.

Haya si mambo ya kupitisha wakati. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akasimama katika Makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Alikutana na watu wa ukoo wa Songea Mbano, yule nduna aliyenyongwa mwaka 1906, ambao wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Naye akaahidi kwamba watasaidiwa kukitafuta. Kutafuta huko hakufanywi kwa jembe. Hufanywa kwa orodha, barua za meli, vitabu vya mapokezi na mafaili ya ofisi, na mtu wa Songea ambaye hawezi kuyaona hayo hana budi kukubali analoambiwa.

Lakini kuyaona kuna mambo yake. Mtu akiandika Songea katika orodha za Ujerumani atapata habari chache, akadhani ndizo zote. Wajerumani wa wakati ule waliandika Ssongea, kwa herufi mbili za s, na kompyuta, isipofundishwa, haijui kwamba mji ni huo huo. Vivyo hivyo Wangoni wameandikwa pengine Angoni, pengine Ngoni, pengine Wangoni. Kisha maandishi mengi ni ya mkono, kwa herufi za zamani ambazo hata Wajerumani vijana hawawezi kuzisoma. Kwa ajili hiyo imetengenezwa programu iitwayo Transkribus, iliyotokana na kazi ya chuo kikuu cha Innsbruck huko Austria. Inafundishwa kurasa chache za mwandiko, kisha inajaribu kuzisoma zilizobaki. Hukosea, lakini humpa mtafutaji mahali pa kuanzia. Bado kuna lugha yenyewe, na hapo kompyuta husaidia kiasi, mwalimu wa Kijerumani zaidi.

Yako na mambo ya karibu. Mji wa Songea uliunganishwa na umeme wa gridi ya taifa mwaka 2018 tu, njia ya nyaya za Makambako ilipokwisha; kabla ya hapo tulitegemea mitambo ya dizeli, na kila mtu anakumbuka giza lile. Vijiji vingi vina umeme sasa, lakini kifurushi cha intaneti hununuliwa kwa fedha ile ile inayonunua chumvi na daftari. Tena milango haifanani. Yale majarida ya HINARI hufunguka kwa wanachuo na watumishi wa vyuo wenye neno la siri. Mwalimu wa shule ya msingi asiyesoma chuoni hawezi kuingia. Hazina za tasnifu na zile picha za Frankfurt ziko wazi kwa wote, na ndizo ninazowashauri wasomaji waanze nazo. Asiye na simu ya kufaa na aulize katika maktaba ya mkoa hapa mjini. Aandike majina yote mawili, Songea na Ssongea.

Atakayezifungua picha za Frankfurt ataona jambo moja mapema. Chini ya picha nyingi pameandikwa jina la mahali, pengine na mwaka, na Mzungu akiwapo ametajwa jina. Waafrika waliosimama mbele ya kamera mara nyingi wameandikwa kwa kabila au kwa kazi tu: askari, mpagazi, mwanamke mwenye mtoto. Wakutubi wa Frankfurt wametunza picha hizo kwa uangalifu, lakini majina ambayo mpiga picha hakuyauliza hawana pa kuyatoa. Bibi wa miaka tisini wa vijiji vya huku, akionyeshwa picha kama hiyo katika simu ya mjukuu wake, yamkini naye hatazijua sura. Lakini aweza kuujua mtindo wa nyumba, au chale za usoni, au ile safu ya Matogoro inayoonekana nyuma ya watu.